Moshi wa Nairobi unashukia Kilindini: tuzungumze biashara ya dunia na hewa tunayovuta

Mkaazi_Donholm (mwanzisha uzi)

Wadau, kila ukungu wa kijivu unapotanda juu ya Industrial Area asubuhi, lawama huwaendea matatu, wachoma taka na jaa la Dandora. Wanastahili. Ila ukikifuatilia kila chombo kinachofuka moshi mjini hapa, njia inarudi bandarini Kilindini, Mombasa. Gari liliteremshwa pale. Dizeli iliteremshwa pale. Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kisimamishe kazi mwaka 2013, petroli na dizeli yetu huja ikiwa imeshasafishwa ng'ambo, kwa kiwango cha usafi ambacho mnunuzi amekubali. Kwa hiyo moshi wa Jogoo Road ni suala la biashara ya kimataifa kabla haujawa suala la askari wa trafiki. Nimeanzisha uzi huu tuutazame kwa upande huo.

Nianze na magari. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambao makao yao yako Gigiri hapa hapa, walitoa ripoti mwaka 2020: kati ya 2015 na 2018, Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo ya mitumba milioni 14. Asilimia 80 hivi yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, na Afrika ikapokea zaidi ya nusu ya hayo. Uholanzi ilipokagua yaliyokuwa bandarini mwake yakisubiri kuja Afrika, mengi hayakuwa hata na cheti halali cha kuyaruhusu kutembea barabarani kwao.

Sisi wenye usukani wa kulia tunaagiza zaidi Japani. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi ule ni ghali. Gari likizeeka, mwenyewe anaona heri auze. Sheria yao inafanya walichokusudia: inasafisha barabara zao. Lile gari lakini halifi. Linapanda meli, linakuja kuendelea na maisha yake ya pili Umoja na Kayole, na sheria iliyolitoa Osaka hailifuati.

Sasa tazameni kitu ambacho kimewahi kufanya kazi. Mwaka 2001 mjini Dakar, nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana kuachana na petroli yenye risasi. Kufikia Januari 2006 ilikuwa imekwisha kanda nzima. Hakuna dereva aliyeombwa abadili tabia, wala fundi aliyepelekwa semina. Maneno kwenye zabuni yalibadilishwa, meli zikaleta mafuta mengine, watoto wakaacha kuvuta risasi ya ekzosi. Januari 2015 tukafanya tena: Kenya na majirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakashusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Hapa kwetu ilikuwa 500. Salfa ikiwa nyingi huua vichujio vya moshi, kwa hiyo bila hatua ile hata gari jipya kabisa lingekuwa chafu ndani ya muda mfupi.

Hoja yangu ndiyo hii: nchi inayoagiza karibu kila injini na kila lita kupitia lango moja ina nguvu kuliko inavyojidhania. Hatuwezi kusimama nyuma ya kila gari Nairobi. Tunaweza kusimama langoni. Kwa nini tumetumia nguvu hiyo mara mbili tu kisha tukaketi?

Mama_Utawala

Ndugu Donholm, nimesoma yote na sipingi kwamba moshi ni mbaya, mwanangu wa pili ana pumu. Lakini nina Probox ninayobebea mboga kutoka soko la Wakulima alfajiri, na ndiyo inayolipa karo. Kila mara serikali ikisema magari safi, kinachofuata ni bei kupanda. Yule wa Karen, mtaa wa matajiri, mwenye gari jipya haguswi. Mkikaza lango, mimi nitanunua nini? Naomba mlijibu hili kwanza kabla ya takwimu nyingine.

Mchumi_Parklands

Mama, swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote kwenye uzi huu, na nitalirudia hapa chini. Niruhusu niweke msingi kidogo.

Wanauchumi wawili, Gene Grossman na Alan Krueger, walipochunguza mkataba wa biashara huru wa Marekani, Kanada na Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1990, waligawa athari za biashara kwa mazingira mafungu matatu. La kwanza ni ukubwa: biashara ikikua, viwanda na malori yanaongezeka, moshi unaongezeka. La pili ni mgawanyo: nchi moja inajikuta na viwanda vya chuma, nyingine na ofisi za benki, kwa hiyo uchafu unahama hata kama jumla haijabadilika. La tatu ni mbinu: biashara inaleta mashine bora, na watu wakipata kipato wanadai hewa safi. Matokeo ya mwisho yanategemea lipi kati ya hayo matatu limelemea wapi. Ndiyo maana mtu anayesema biashara ni mbaya kwa hewa na anayesema ni nzuri wote wanaweza kukuletea mfano wa kweli.

Lakini kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kanuni za biashara zenyewe zimeelemea upande wa uchafu. Mwaka 2021 mwanauchumi wa Marekani Joseph Shapiro alionyesha kwamba nchi nyingi hutoza ushuru mdogo bidhaa zinazotengenezwa kwa moshi mwingi, na ushuru mkubwa zile safi zaidi. Sababu haina njama yoyote: viwanda vinataka malighafi ya bei nafuu, vinawashawishi wanaopanga ushuru, na malighafi kama chuma ndizo zenye moshi. Alipopiga hesabu, upendeleo huo ulikuwa sawa na kuipa hewa ukaa ruzuku ya dola bilioni 550 hadi 800 kwa mwaka.

Sasa turudi kwako, Mama. Ushuru wetu wa magari una tabia hiyo hiyo. Mamlaka ya mapato hukadiria thamani ya gari kisha huipunguza kadiri gari lilivyo na umri. Gari la miaka 7 linakatwa sehemu kubwa kuliko la miaka 3, ndipo ushuru unapigwa juu ya kilichobaki. Maana yake mfumo unakusukuma wewe, mwenye pesa kidogo, kwenye gari lililo karibu kabisa na miaka 8, umri wa mwisho wa gari kuruhusiwa kuingia Kenya. Unalinunua ukidhani umeokoa, kumbe gharama umeihamishia kwenye mafuta, kwenye gereji na kwenye kifua cha mtoto. Ningependa kuona ushuru unaohesabu moshi na matumizi ya mafuta. Gari dogo safi la miaka 4 lishuke bei, jitu kubwa la injini kubwa lipande. Anayeumia hapo ni Karen, si Utawala.

Fundi_wa_Grogan

Nimeingia kwa sababu mmegusa vichujio. Nina gereji ndogo huku Grogan. Nitawaeleza kinachotendeka chini ya gari, maana huko ndiko sheria zote hizo zinakofia.

Gari la petroli kutoka Japani, hata la miaka 7, linakuja na kichujio chake kwenye bomba la ekzosi. Ukikipasua ndani kuna sega la matundu madogo madogo lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita hapo sumu nyingi zinageuzwa kuwa hewa isiyodhuru. Sasa mteja anakuja, gari halivuti. Fundi anafungua anakuta sega limeziba au limevunjika. Kipya halisi ni bei ya kutisha. Anamwambia mteja, mzee, tulitoe tu. Bomba tupu linachomelewa mahali pake, gari linaruka kama jipya, mteja anashukuru. Lile sega lina mnunuzi anayezunguka gereji, analipima kwa kilo, linarudishwa ng'ambo kuyeyushwa litoe madini yake.

Mengine hutolewa hata hayajaziba. Mwenye gari ana shida ya pesa, anaambiwa chini ya gari lako kuna hela, anakubali. Na kuna magari yanayofika yadi tayari yana bomba tupu, mwenye kununua hajui.

Kwa hiyo Donholm, langoni utasimama vizuri, gari litapita likiwa safi, baada ya mwaka limekuwa chafu. Lazima kuwe na mtu wa kutazama huku nyuma pia. Magari ya kibinafsi yamekaa miaka na miaka barabarani bila yeyote kupima moshi wake.

Mkaazi_Donholm

Fundi, asante sana. Hii ndiyo habari ambayo haimo kwenye ripoti yoyote niliyosoma. Na tazama ilivyo ya kibiashara: kile kifaa kilikuja na meli, kikaondoka na meli, Nairobi tukabaki na moshi. Kama madini yale yana soko nje, basi yanapita forodhani wakati wa kutoka. Lango lile lile linafaa pande zote mbili. Anayesafirisha masega ya ekzosi aonyeshe yametoka kwenye magari yaliyofutwa usajili. Bila karatasi hiyo, mzigo usipakiwe.

Dereva_wa_Malaba

Mimi naongea kama mtu wa barabara, sina elimu ya uchumi. Nabeba kontena Mombasa hadi Malaba, mara nyingine Kampala. Nataka niongeze mambo mawili.

Kwanza, kontena. Napanda na mzigo, nashuka tupu. Si mimi peke yangu, sehemu kubwa ya makontena yanarudi Mombasa matupu kwa sababu tunachonunua nje ni kingi kuliko tunachouza. Lori linanguruma usiku kucha kuteremsha sanduku lisilo na kitu ndani. Kama mnahesabu moshi wa biashara, hesabuni na huo.

Pili, foleni. Ukifika mizani ya Mlolongo wakati wa msongamano unasogea hatua moja, unasimama, unasogea. Hakuna anayezima injini, maana ukizima na kuwasha kila mara unaua betri na breki za upepo zinapoteza nguvu. Vioo wazi, joto, moshi wa aliye mbele unaingia kwako na wako unamwingia wa nyuma. Watoto wa Mlolongo wanaenda shule kando ya foleni hiyo hiyo. Mpakani napo ni vivyo hivyo. Ukiniuliza mimi, karatasi moja inayosomeka Mombasa na Malaba na Kampala ingepunguza moshi kabla hata ya kugusa injini.

Pwani_Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Nyie wa bara mnaongea Kilindini kama tundu la kupitishia vitu. Huku kunaishi watu.

Meli zenyewe ni moshi. Zinachoma yale mafuta mazito yanayobaki chini baada ya petroli na dizeli kutolewa. Hadi mwisho wa 2019 yaliruhusiwa kuwa na salfa asilimia 3.5. Linganisheni na sehemu 50 kwa milioni za dizeli ya lori mpate picha. Shirika la Kimataifa la Bahari likashusha hadi asilimia 0.5 kuanzia Januari 2020. Wanaokaa karibu na gati walipata nafuu kidogo kwa hatua hiyo, lakini hata 0.5 ni mara mia ya dizeli ya barabarani.

Halafu hili la treni. Mwaka 2019 serikali ilipolazimisha makontena yapande reli mpya ya SGR hadi Nairobi, bara mlisherehekea malori kupungua. Huku Changamwe na Miritini maduka yalifungwa, madereva, mekanika, mama wa mihogo na mawakala wa forodha wakakosa kazi, watu wakaandamana. Mwaka 2022 ikarudishwa. Treni inabeba makontena mengi kwa mafuta machache kwa kila tani, nakubali, ingawa nayo ni ya dizeli. Lakini msinipangie mji wangu ufe ndipo hewa ya Nairobi ipone.

Na msisahau mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa. Pale paliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, risasi ikiuzwa nje. Faida ikaondoka, sumu ikabaki kwenye paa, kwenye maji na kwenye damu ya watoto. Mama Phyllis Omido akapigana mpaka kikafungwa 2014, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikapinduliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia ile Desemba 2024. Hiyo ndiyo biashara ya kimataifa ninayoijua mimi.

Mchumi_Parklands

Ndugu wa Pwani, Owino Uhuru ndiyo sura halisi ya kile nilichokiita mgawanyo. Kwenye vitabu kinaandikwa kama mstari kwenye jedwali. Uliposimulia wewe kinaonekana kilivyo.

Kuna utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2017 uliojaribu kuhesabu jambo hili kwa dunia nzima. Walichukua mwaka 2007 na vifo vya mapema milioni 3.45 vilivyotokana na chembechembe laini za moshi, zile PM2.5 zinazopenya hadi kwenye damu. Asilimia 12 vilisababishwa na moshi uliopeperushwa na upepo kutoka kanda nyingine. Lakini asilimia 22, watu 762,400, walikufa kwa moshi wa kutengeneza bidhaa zilizoenda kutumiwa kanda nyingine. Yaani biashara ilihamisha vifo vingi kuliko upepo. Manunuzi ya Ulaya Magharibi na Marekani peke yake yalihusishwa na vifo zaidi ya 108,600 nchini Uchina.

Kwa tabianchi hesabu ni ile ile. Karibu robo ya hewa ukaa duniani hutoka katika kutengeneza vitu vinavyovuka mpaka. Lakini kwenye mikataba, moshi huandikwa kwa jina la nchi ulikotokea, si ya aliyetumia bidhaa. Chai yetu inakaushwa kwa kuni Kericho na Murang'a, inanywewa Pakistan, Misri na Uingereza. Moshi umeandikwa Kenya. Na moshi wa meli na ndege za kimataifa haumo kwenye jumla ya nchi yoyote. Meli peke yake ni karibu asilimia 3 ya gesi chafuzi za dunia, na hazina mwenyewe.

Kahawa_Tungu

Mchumi, ongeza kwamba hizo meli zilikaribia kuwekewa tozo. Aprili 2025 shirika la bahari liliidhinisha mpango wa kutoza meli kubwa kwa gesi zinazotoa. Oktoba walipokutana kuupitisha rasmi, Marekani ikaupinga vikali, kura ikaahirishwa mwaka mzima. Fedha zile sehemu yake ilikusudiwa kusaidia nchi kama zetu. Inauma kwa sababu visiwa vinavyozama na wafugaji wa Turkana hawakuwa na neno la mwisho pale.

Na kuna utata mmoja wa kisayansi hapo kwenye salfa. Chembe za salfa angani huakisi jua, hupoza dunia kidogo. Tulipoisafisha mwaka 2020 mapafu yalinufaika, lakini sehemu ya joto lililokuwa limefichwa ikajitokeza. Hiyo si sababu ya kurudisha salfa. Ni sababu ya kupunguza hewa ukaa na masizi kwa pamoja, maana masizi ya dizeli hudhuru kifua na papo hapo hufyonza joto la jua.

Binti_Naivasha

Naomba mtu asitoke humu akidhani dawa ni kuacha kuuza nje. Nimefanya kazi kwenye maua, nimekata waridi, nimepanga kwenye chumba cha baridi, nimepakia lori la usiku kwenda uwanja wa ndege wa JKIA.

Mwaka 2007 maduka makubwa mawili ya Uingereza yalianza kubandika picha ya eropleni kwenye bidhaa zetu zilizosafiri kwa ndege ili mnunuzi aone aibu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Cranfield kilipima maua ya waridi 12,000 kutoka Kenya na mengine kama hayo kutoka Uholanzi, yote yakienda Uingereza. Ya Kenya yalitoa kilo 6,000 za hewa ukaa, ndege ikiwemo. Ya Uholanzi kilo 35,000. Kule banda la maua lilipashwa joto kwa gesi na kuwashwa taa mchana na usiku. Naivasha jua ni la Mungu na mvuke wa ardhini wa Olkaria uko chini ya miguu. Ni kipimo cha miaka ile na mabanda ya Uholanzi yamebadilika tangu hapo, lakini kinafundisha kwamba umbali peke yake hausemi nani mchafu.

Siku hizi mashamba yanapeleka maua kwa meli, kontena la baridi, wiki kadhaa baharini. Moshi unapungua sana ukilinganisha na ndege. Kisha mwisho wa 2023 mashambulizi yakaanza Bahari ya Shamu, meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka, maua yakafika yamechoka, baadhi wakarudi kwenye ndege. Vita vya huko vikageuka moshi angani kwetu. Sijui kama mnaopanga sera huwa mnafikiria mambo haya.

Mdau_Kariakoo

Wakuu, niko Dar, naomba kuchangia kidogo. Huku hatuna marufuku ya miaka 8 kama nyinyi, tuna ushuru wa uchakavu: gari likizidi umri unalipa zaidi. Kwa hiyo magari ambayo Kenya hayaruhusiwi kusajiliwa yapo hapa, na yanavuka mpaka wa Namanga kila siku kwa biashara. Mkikaza nyinyi peke yenu, meli itashusha Dar na moshi utapanda kwa lori. Afrika Magharibi wamejitahidi kwa pamoja: nchi 15 za jumuiya yao ya ECOWAS zilikubaliana kiwango cha Euro 4, kipimo cha Ulaya cha usafi wa moshi wa gari, kuanzia 2021. Morocco wao hawapokei gari la zaidi ya miaka 5 wala lisilofikia Euro 4, na sasa wanapata magari mazuri ya Ulaya. Muuzaji huleta unachokubali.

Mkaazi_Donholm

Mdau, hilo la mwisho ndilo ningependa Waziri alisome. Na dizeli ya 2015 ilifanikiwa kwa sababu hiyo hiyo: tuliingia Jumuiya nzima siku moja, hapakuwa na mpaka wa kukimbilia.

Dada Naivasha, nakubaliana nawe, na niongeze upande mwingine wa biashara uliotunufaisha. Paneli za jua zilishuka bei kwa kiasi kama asilimia 90 katika muongo wa 2010 hadi 2020, hasa kwa sababu Uchina ilizizalisha kwa wingi na zikaruhusiwa kusafiri. Nyumba ngapi za mashambani zimezima koroboi kwa ajili hiyo? Umeme wetu sasa kwa sehemu kubwa ni mvuke, maji na upepo. Mwaka 2019 baraza la kuamua kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa Lamu, ambao ungeanza kwa kuagiza makaa ya mawe Afrika Kusini. Fikirini tungekuwa wapi leo tukilipia makaa ya kigeni ili tuchafue hewa yetu wenyewe. Basi la umeme linalopita Tom Mboya Street sasa lina betri ya Uchina na linachajiwa kwa mvuke wa Olkaria. Nalo pia lilipita Kilindini, kwa hiyo ugomvi wangu si na bandari.

Mama_Utawala, naomba nikujibu moja kwa moja kwa sababu uliuliza mwanzo. Ukiuliza nafuu yako itatoka wapi, itatoka kwa kugeuza ushuru, kama Mchumi alivyosema, na kwa kumtoza yule anayesafirisha kuja kwetu. Gari likipakiwa Japani bila kichujio kizima, lirudi kwa gharama yake, si yako. Sasa hivi kosa lake unalilipia wewe, kule gereji.

Mchumi_Parklands

Na Ulaya nao wameweka lango lao. Tangu Januari 2026 tozo yao ya kaboni mpakani inafanya kazi kwa saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, umeme na haidrojeni. Maua, chai na kahawa hazimo kwa sasa, ndiyo maana Kenya hatuguswi kama nchi zinazouza aluminiamu Ulaya. Kinachonikera ni kwamba Ulaya inatoza moshi unaoingia kwake, huku gari lake lililochoka likitoka bila kuulizwa chochote cha maana. Kama moshi una bei unapoingia, uwe na bei unapotoka. Hilo wajumbe wetu waliseme bila kuona haya kwenye mazungumzo yoyote ya biashara.

Dereva_wa_Malaba

Hapo kwenye kutoka nakuunga mkono mia kwa mia.

Mama_Utawala

Nimewaelewa, na nashukuru hamkunipuuza. Swali la mwisho kwa Fundi. Mdogo wangu anataka kununua gari wiki hii kwenye yadi ya Ngong Road. Atajuaje kama lile sega lipo au limeshatolewa? Yeye hajui hata kufungua boneti.

Fundi_wa_Grogan

Mama, mwambie asikubali kuonyeshwa ndani na redio tu. Aombe gari lipandishwe jeki, au aende na fundi anayemwamini. Wafuate bomba la ekzosi kuanzia kwenye injini. Kichujio ni uvimbe wa chuma, kwa kawaida kina bamba la kuzuia joto, na kuna sensa ya oksijeni mbele yake na nyingine nyuma. Kwenye gari nyingine kimekaa juu karibu kabisa na injini, watazame na huko.

Wakikuta bomba limenyooka na weldingi mpya pande zote mbili, kimetolewa. Wakikuta sensa ya nyuma imeinuliwa mbali na bomba kwa kipande cha chuma, hapo kuna mtu aliyetaka taa ya injini isiwake. Injini ikiwa baridi wagonge uvimbe ule kwa kiganja: ukisikia kokoto zinacheza ndani, sega limevunjika. Halafu washe, wasubiri injini ipate moto sawasawa, wasimame nyuma. Kama harufu ya petroli mbichi bado inawachoma macho, warudishe ufunguo.

Yadi ikikataa jeki, waende yadi ya pili. Na akishalinunua zuri, alete huku nimwonyeshe jinsi ya kulitunza, sitamtoza chochote kwa kutazama.